Bei ya Plasma Haiishii Dukani

Anayetafuta televisheni kubwa kwa fedha kidogo hazunguki muda mrefu kwenye maduka ya vifaa vya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, kabla hajaoneshwa plasma. Ni pana, ni nzito, ina jina la kampuni ya Kijapani au ya Kikorea lenye heshima, na bei yake inashawishi: kioo cha inchi 50 kwa fedha ambazo upande wa LED mpya zingekupa kioo kidogo zaidi. Muuzaji akiiwasha, picha inapendeza. Weusi ni weusi kweli na sura za watu zina rangi ya watu. Mnunuzi anajiuliza ubaya uko wapi, na makala haya ni jibu la swali hilo. Msimamo wangu ni kwamba ubaya wa plasma hauonekani dukani, kwa sababu gharama zake kubwa huanza baada ya kuifikisha nyumbani: umeme, mwanga wa sebule unaoishinda nguvu, alama zinazobaki kwenye kioo, na matengenezo ambayo siku moja hayatawezekana tena. Ukizijumlisha hizo zote na kuzigawa kwa miaka utakayoitumia, kile ulichokiona nafuu kinaweza kukugharimu kuliko LED mpya uliyoiacha.

Jinsi plasma inavyofanya kazi ndiko kunakotoka uzuri wake na kasoro zake, kwa hiyo tuanzie hapo. Katikati ya vioo viwili kuna mamilioni ya vijumba vidogo sana vilivyojazwa mchanganyiko wa gesi za neoni na zenoni. Umeme ukipita ndani ya kijumba, gesi hiyo hutoa miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na miale hiyo ikigonga tabaka la fosfa lililopakwa ndani, fosfa hung'aa rangi nyekundu, kijani au bluu. Ni kazi ileile inayofanyika ndani ya taa ya tyubu iliyoko darini kwako, ila hapa taa ni mamilioni na kila moja huwashwa na kuzimwa peke yake mara nyingi kila sekunde. LCD ina mpango mwingine kabisa: nyuma kuna taa, siku hizi za LED (ndiyo maana huuzwa kwa jina hilo), zinazowaka muda wote, na mbele yake kuna tabaka la kuupitisha au kuuzuia mwanga huo. Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu kitakachofuata. Plasma ikitaka weusi huzima kijumba, ndiyo maana weusi wake ni mzuri. Ikitaka mwanga, hulazimika kuchoma umeme mwingi na kuila fosfa yake yenyewe.

Teknolojia hii si changa. Ilibuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na Donald Bitzer, Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson, waliokuwa wakitafuta skrini ya mfumo wa kompyuta wa kufundishia ulioitwa PLATO. Skrini za mwanzo zilikuwa na rangi moja ya machungwa. Plasma za inchi 42 zenye rangi kamili zilifika madukani Marekani mwaka 1997 kwa bei iliyokaribia dola 15,000, na kwa miaka kadhaa hakuna kilichozipiku kwa ukubwa wala kwa ubora wa picha. Kisha LCD zikakua, zikashuka bei, zikapungua uzito na matumizi ya umeme, na watengenezaji wakaanza kujitoa mmoja mmoja. Pioneer, iliyokuwa na plasma za Kuro zilizosifiwa kuliko zote, ilitangaza kujitoa mwaka 2009. Panasonic ilitangaza mwaka 2013, na Samsung na LG zikafunga ukurasa huo mwaka 2014. Zingatia maana yake kwako wewe unayenunua leo: plasma iliyo changa kuliko zote sokoni ina zaidi ya miaka kumi, nyingi zimepita hapo kwa mbali, na kiwanda cha kukutengenezea kioo kingine hakipo.

Tuje kwenye umeme, kwa kuwa hapo hesabu ni ya wazi na kila mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Plasma ya inchi 50 ya miaka ya 2008 hadi 2010 inaweza kula wati 300 kwa wastani, na stika yake ya nyuma huenda ikataja kiwango cha juu zaidi, 400 na kuendelea. LED ya inchi 50 ya siku hizi hula wati 80 hivi. Chukua familia inayowasha televisheni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, yaani saa tano kwa siku. Plasma itatumia uniti 1.5 kila siku, uniti 45 kwa mwezi; LED itatumia uniti 0.4 kwa siku, uniti 12 kwa mwezi. Tofauti ni uniti 33 kila mwezi. Kwa anayelipa takriban shilingi 350 za Tanzania kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni shilingi 11,550 kwa mwezi na 138,600 kwa mwaka. Miaka mitatu ya kutazama taarifa ya habari na tamthilia itakuwa imekula zaidi ya shilingi 400,000 za ziada, na fedha hizo zilitosha kuongezea bei ya LED uliyoikimbia siku ile. Kwa mteja wa matumizi madogo hali ni ngumu zaidi. Tanzania ina kundi la wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wanaouziwa umeme kwa bei ya chini sana. Televisheni moja ikichukua 45, friji ndogo, pasi na taa zinabaki kugombania 30. Ukivuka kikomo, kila uniti inayozidi inapanda bei, na ukizoea kukivuka unaondolewa kwenye kundi hilo. Kenya nako bei ya tokeni hubadilika kadiri matumizi yanavyopanda ngazi, kwa hiyo onyo ni lilelile.

Wapo wanaosema wati zilizoandikwa kwenye stika ni za kiwango cha juu tu, na kwamba plasma hupunguza matumizi picha inapokuwa ya giza. Ni kweli. Kwa kuwa kila kijumba hujiwashia mwanga wake, filamu ya usiku hula umeme kidogo kuliko mchezo wa mchana. Lakini jiulize nyumba nyingi zinatazama nini. Uwanja wa mpira wenye nyasi zinazong'aa, studio ya habari yenye meza nyeupe, katuni za watoto na video za muziki zote ni picha angavu, na picha angavu ndiyo inayoifanya plasma ile umeme kwa pupa. Hata hivyo nimetumia wati 300 badala ya kiwango cha juu kilichoandikwa nyuma. Anayetaka kuhakikisha kwa televisheni yake anaweza kusoma mita kabla na baada ya mechi moja, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, na mita haitampendelea yeyote.

Kwa wanaotegemea sola au betri ya akiba umeme unapokatika, hoja hii inauma zaidi. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200 kwa makadirio, na ukitaka idumu unatumia nusu tu, yaani 600. Plasma ya wati 300 itaimaliza kwa saa mbili au pungufu, ukizingatia kile kinachopotea kwenye inveta. Inatosha mechi moja na mapumziko yake, na baada ya hapo nyumba iko gizani. LED ya wati 80 itakaa saa sita hivi kwa betri ileile. Tena umeme wote ule hauishii kwenye picha. Karibu wote hugeuka joto na kubaki chumbani. Katika sebule ya Dar es Salaam, Mombasa au Tanga mwezi wa Februari, kuongeza wati 300 za joto ukutani, kisha kuwasha feni ili kupambana nalo, ni kulipa mara mbili. Joto hilohilo huzeesha vifaa vya ndani ya televisheni yenyewe, hasa ikiwa imesukumiwa ndani ya kabati la shelfu lisilopitisha hewa.

Hapa mpenzi wa plasma atanikatiza na kusema gharama ya umeme ni haki yake kulipa, maadamu anapata picha bora. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima, kwa sababu msingi wake ni sahihi. Katika chumba chenye giza, plasma nzuri iliyo na afya huzishinda LED nyingi za bei ya kawaida mpaka leo. Weusi wake umekolea, mpira unaopigwa kwa kasi hauachi ukungu mrefu nyuma yake, na aliyekaa pembeni kwenye mkeka anaona rangi zilezile anazoona aliyekaa katikati ya kochi. Lakini zingatia sharti: chumba chenye giza. Sebule zetu nyingi zina madirisha makubwa, mlango unaoachwa wazi kupitisha upepo, kuta zilizopakwa rangi ya maziwa, na usiku taa nyeupe inawaka mpaka watu waende kulala. Kioo cha plasma ni kioo halisi kinachoakisi, kwa hiyo dirisha lililo mbele yake litaonekana juu ya picha pamoja na pazia lake. Na picha ikiwa angavu skrini nzima, plasma hujipunguzia mwanga yenyewe ili isizidishe umeme, ikashuka hadi chini ya nusu ya mwanga wa LED ya kawaida. Ule weusi uliousifu unageuka kijivu mchana, na kilichokufanya uipende hakionekani tena kwa sehemu kubwa ya saa ambazo familia inaitazama.

Kasoro inayofuata ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo isiyotibika: kioo kuungua. Fosfa huchoka kadiri inavyong'aa. Sehemu moja ya skrini ikioneshwa kitu kilekile kila siku, kama nembo ya kituo kwenye pembe ya juu, mstari wa habari unaopita chini, au kisanduku cha matokeo ya mpira, fosfa ya hapo huchoka kwa kiwango tofauti na ya jirani yake, na kivuli cha kitu hicho hubaki hata ukibadilisha stesheni. Mwanzoni huwa kivuli cha muda, kinachoondoka baada ya saa kadhaa za kutazama vitu vingine. Kikikomaa hakiondoki, na hakuna fundi wa kukifuta, kwa sababu kilichopungua ni uhai wa fosfa yenyewe. LCD haijasalimika kabisa na vivuli vya muda, lakini ule uchakavu wa kudumu wa fosfa za kioo hauipati. Nyumba inayokaa kwenye stesheni moja kuanzia asubuhi, nyumba yenye vijana wa michezo ya video, na mwenye kibanda umiza anayeonesha mpira kila wikendi ndio watumiaji waliofaa kukaa mbali na plasma kuliko wote. Na kwa kuwa plasma inayouzwa leo ni ya mtumba, swali halihusu matumizi yako tu. Huko ilikotoka huenda ilikuwa ukutani mwa baa, mapokezi ya hoteli au uwanja wa ndege, ikionesha ratiba ileile mwaka mzima.

Muuzaji mjuzi atakujibu kwa takwimu: watengenezaji walitangaza kwamba kioo cha plasma hufikisha saa 60,000, wengine hata 100,000, kabla mwanga haujapungua kufikia nusu. Kwa saa tano kwa siku, saa 60,000 ni zaidi ya miaka thelathini. Hesabu ni sahihi, ila inajibu swali ambalo hukuuliza. Kwanza, ni kipimo cha mwanga wa kioo kwa masharti ya kiwandani. Haikuahidi kwamba kapasita za pawa saplai, bodi na feni za nyuma zitafikisha miaka hiyo. Pili, haikuhesabu matumizi ya mwenye mali wa kwanza. Skrini iliyowaka saa 18 kwa siku kwenye mapokezi ya hoteli hufikisha saa 60,000 kwa miaka tisa tu, na kama ilining'inizwa mwaka 2009, ilikwishamaliza mgao wake kabla haijapakiwa kontena. Modeli kadhaa zina kihesabu cha saa ndani ya menyu ya mafundi. Muuzaji akishindwa kukionesha au akikataa, basi takwimu ya saa 60,000 haina uzito wowote katika mazungumzo yenu.

Matengenezo yanaifanya hesabu iwe nzito zaidi. Plasma huendesha vijumba vyake kwa umeme wa takriban volti 180 hadi 200, unaosukumwa na bodi mbili kubwa za pembeni ambazo mafundi huziita bodi ya Y na bodi ya Z. Bodi hizi hufanya kazi kwa moto mkali na ndizo zinazokufa mara nyingi: televisheni inawaka, sauti ipo, picha hakuna, au inawaka sekunde chache kisha inazima na taa ndogo ya mbele inapepesa. Spea mpya hazitengenezwi tena, kwa hiyo fundi hununua plasma nyingine mbovu, achomoe bodi, na aombe modeli zilingane. Huo ni ufundi wa kuhamisha sehemu iliyochoka kutoka kwenye maiti moja kwenda kwa mgonjwa mwingine, na kila mwaka vya kuchomoa vinapungua. Umeme unaopanda na kushuka ghafla huharakisha yote hayo. Kioo kikipasuka ndiyo mwisho, kwani gesi haijazwi tena, hata kama mtu atakuahidi hivyo. Gesi zenyewe hazina sumu na hazipaswi kumtisha mtu, lakini vioo vingi vya zamani vina madini ya risasi ndani yake, hivyo vipande havifai kutupwa ovyo shambani au kuachiwa watoto.

Wasomaji wa nyanda za juu wana sababu ya ziada ambayo wauzaji wa pwani hawaijui. Gesi iliyomo ndani ya kioo cha plasma ina mgandamizo mdogo kuliko hewa ya nje ya usawa wa bahari, na hewa hiyo ndiyo inayovikandamiza vioo viwili vikae imara juu ya kuta za vijumba. Ukipanda mlima, hewa ya nje inapungua nguvu, vioo vinapata nafasi ya kutetemeka, na televisheni huanza kutoa mlio wa nyuki unaosikika hasa picha ikiwa angavu na sauti ikiwa chini. Miongozo ya modeli nyingi iliweka ukomo wa mwinuko, nyingine zikitaja mita 2,000 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,800, Njombe na Eldoret ziko karibu mita 2,000 au zaidi, kwa hiyo televisheni iliyokuwa kimya ilipojaribiwa Dar es Salaam inaweza kuwa na kelele ikifika huko. Kelele nyingine ni ya redio: plasma hutoa mawimbi yanayovuruga masafa ya kati na mafupi, na mzee anayesikiliza redio chumba cha pili ataijua saa inapowashwa.

Kuna pia mambo ya zama. Plasma nyingi za inchi 42 zilizoandikwa "HD Ready" zina pikseli 1024 kwa 768, na za mwanzo kabisa 852 kwa 480. Full HD ilipatikana kwenye zile za gharama zaidi, na 4K haikufika kwenye plasma za nyumbani. Vipokezi vyake vya ndani vilitengenezwa kwa matangazo ya analojia, ambayo Tanzania ilianza kuyazima tarehe 31 Desemba 2012 na Kenya ikayazima mwaka 2015, au kwa dijitali ya kizazi cha kwanza ya Ulaya, ilhali king'amuzi cha antena unachokijua wewe ni cha kizazi cha pili. Hili halikuzuii kutazama, kwa kuwa king'amuzi au boksi la Android huunganishwa kwa HDMI na kazi ikaendelea, lakini ni kifaa kingine cha kununua na soketi nyingine ya kujaza. Uzito nao usidharauliwe. Plasma ya inchi 50 inaweza kufika kilo 35 au 40, mara tatu ya LED ya ukubwa huo. Ukuta wa jipsam hauibebi, meza dhaifu huyumba nayo, na mtoto anayeining'inia anaweza kuiangusha juu yake. Isafirishwe ikiwa imesimama wima. Kuilaza chali kwenye pikapu katika barabara ya mashimo ni kukipasua kioo.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote halihusu picha wala umeme. Linasema: hizo LED mpya za bei rahisi hazidumu, zinazima ndani ya mwaka mmoja au miwili, wakati plasma ya Mjapani imetoka 2010 na bado inawaka. Nalikubali kwa nusu. Ni kweli kwamba LED nyingi za bei ya chini hufa taa za nyuma mapema, mara nyingi kwa sababu zimewekewa mwanga wa juu kupita kiasi. Lakini tazama kilichokufa: mistari ya taa, ambayo fundi wa mtaani huibadilisha na kukurudishia televisheni yako na kioo chake kilekile. Kwenye plasma kinachochakaa ni kioo chenyewe. Pili, plasma zinazowaka leo ndizo zilizobaki. Zilizokufa hazipangwi dukani ili uzihesabu, kwa hiyo kuzitazama zilizo hai na kusema zote ni imara ni kujidanganya. Tatu, LED mpya huja na waranti, hata ikiwa ya mwaka mmoja, na mtumba huja na neno la muuzaji tu. Jibu la LED dhaifu ni kuchagua LED nzuri zaidi, yenye duka linaloeleweka, na kupunguza mwanga wake mpaka asilimia 60 au 70 tangu siku ya kwanza.

Kama plasma tayari unayo na inafanya kazi vizuri, sikushauri uitupe. Kuitumia mpaka mwisho ni busara kuliko kuizika mapema. Punguza kontrasti, washa kile kipengele cha menyu kinachosogeza picha kidogokidogo, usiache mchezo wa video au filamu ikiwa imesimamishwa, na jaza skrini yote badala ya kuacha michirizi myeusi pembeni. Iache mbali na ukuta kwa sentimita kumi angalau, futa vumbi kwenye matundu ya nyuma, na iunganishe kupitia kifaa cha kulinda umeme. Itunzie kazi inayoiweza: filamu ya usiku, pazia likiwa limefungwa. Mchana, taarifa ya habari na katuni ziende kwenye televisheni ndogo ya LED kama ipo. Na siku bodi itakapokufa, uliza bei ya ukarabati, kisha ilinganishe na tofauti ya umeme ya mwaka mmoja kabla hujatoa fedha.

Na kama bado umeshawishika kununua, basi nunua kwa macho. Mitaani kila televisheni bapa huweza kuitwa plasma, hivyo soma stika ya nyuma: kwa Panasonic, herufi P kabla au baada ya namba ya inchi huashiria plasma na L huashiria LCD, kwa Samsung, PS au PN ni plasma na UE au UA ni LED. Soma wati, ziandike, zizidishe kwa saa zako na bei ya uniti yako kabla hujataja bei ya muuzaji. Njoo na flashi yenye picha tupu za rangi nyeupe, kijivu na nyekundu, uzioneshe skrini nzima. Kivuli cha nembo hujificha kwenye mpira lakini hakijifichi kwenye kijivu. Iache iwake saa nzima, kwa kuwa bodi iliyochoka mara nyingi husalimu amri ikipata moto, na vinukta vya zambarau au kijani vinavyochezacheza penye giza ni dalili kwamba volti zake zimeyumba. Zima sauti usikilize mlio. Jaribu kila tundu la HDMI. Asiyekupa saa hiyo moja hana kitu cha kukuuzia.

Uzuri wa plasma haukupotea duniani. Umehamia kwenye OLED, ambayo nayo hujiwashia kila pikseli na kuizima kabisa penye weusi, kwa uzito mdogo na umeme mdogo zaidi. Lakini OLED imerithi pia ugonjwa wa kioo kuungua, na kadiri miaka inavyokwenda zitajaa kwenye makontena ya mtumba na kuuzwa kwa maneno yaleyale. Kanuni ya kuzipima itakuwa hii hii: chukua bei ya dukani, ongeza umeme wa miaka mitatu, ongeza tengenezo moja, kisha uliza kama sehemu inayochakaa inaweza kubadilishwa. Kwa plasma leo, jibu la swali la mwisho ni hapana, na kwa sababu hiyo ushauri wangu kwa nyumba ya kawaida ni kuchukua LED ya inchi 43 yenye waranti na kipokezi cha dijitali ndani, hata ikimaanisha kioo kidogo kwa fedha zilezile. Inchi saba utakazozikosa utazizoea mapema, lakini uniti 33 za ziada zingekudai kila mwezi kwa muda wote ambao plasma ingekuwa hai.